Mstari Uliopita Katikati: Kisa cha Maonyesho ya Taveta Yaliyoandaliwa Mombasa

Majina ya watu na ya chama yameondolewa, na mambo mawili matatu yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Tarehe na mambo ya historia yameachwa yalivyo. Nakiandika kisa hiki kwa ajili ya walimu, wahariri na vikundi vya mitaani vinavyokusanya historia ya kwao. Kosa kubwa lililomo humu ni langu.

Usuli

Watu wa Taveta waliohamia Mombasa wana chama chao cha kufa na kuzikana. Hukutana mara moja kwa mwezi upande wa Majengo, nyumbani kwa mwanachama ambaye zamu imemfikia. Hesabu za michango husomwa, chai hunywewa, watu hutawanyika. Kikao kimoja kilirefuka kwa sababu mama mmoja alilalamika kwamba mjukuu wake, akiulizwa kwao ni wapi, hujibu "kule ndizi zinakotoka".

Mtoto hakukosea sana. Nenda Kongowea alfajiri uone lori zikishusha mikungu, uulize imetoka wapi. Jina la Taveta utalisikia kabla hujamaliza swali. Siku za soko kule kwao, Jumatano na Jumamosi, ndizo zinazopanga ratiba ya wachuuzi wengi wa huku. Lakini mama alitaka mjukuu wake ajue zaidi ya ndizi, na wenzake wakamuunga mkono.

Wakakubaliana kuandaa maonyesho ya siku mbili katika ukumbi wa shule moja kisiwani, wakati wa likizo: mabango manane na kijitabu cha kurasa 24. Kamati ilikuwa na watu watano. Mwenyekiti wa chama. Mwalimu wa historia wa sekondari. Kijana anayechora na kupanga mabango kwenye kompyuta. Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa gadi wa treni kwa miaka mingi. Na mimi, mhariri. Mimi si wa Taveta, ni mtu wa Mombasa. Niliitwa kwa kuwa niliwahi kusaidia kikundi kingine kutoa kijitabu cha mtaa wao.

Mji wenyewe

Msomaji asiyeijua Taveta aione hivi. Unatoka Mombasa hadi Voi, unaiacha barabara ya Nairobi na kukata kushoto, unapita Mwatate, Bura, Maktau, kisha nyika ndefu ya Tsavo. Kabla ya mji unakutana na Salaita, kilima kimoja kilichojitenga, si kirefu, lakini kinaona kote. Baada yake ndio mji wenyewe, karibu na mto Lumi, na upande wa machweo viko vilima viwili pacha, Latema na Reata. Nyuma ya hivyo ni Holili, Tanzania, na Kilimanjaro imesimama juu ya kila kitu kama mtu aliyekuja bila kualikwa akakataa kuondoka. Ziwa Chala liko kaskazini, Jipe kusini.

Kwa watu wa Pwani, Taveta ni jina la zamani. Misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa na Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini ilipumzika pale, ndani ya msitu wa Lumi, ambako kulikuwa na chakula, maji na usalama. Wenye mji walikuwa mchanganyiko wa watu waliokimbilia msituni kutoka pande nyingi, wakawa kitu kimoja, Wataveta, wenye lugha yao. Hapa niseme tangu mwanzo: rasimu yangu ya kwanza iliwaita "Wataita wa Taveta", kwa kuwa kaunti yao inaitwa Taita-Taveta. Mzee wa reli alikata maneno hayo kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni, "Jina la kaunti si jina la kabila." Ndio uliokuwa utangulizi wetu, mimi na yeye.

Yaliyotokea

Kazi ilianza vizuri. Kijana wa michoro alizunguka na simu yake akirekodi wazee sita, Mombasa na Taveta kwenyewe. Baada ya kila mazungumzo aliandika muhtasari wa nusu ukurasa na kuniletea. Sikusikiliza sauti zenyewe. Zilikuwa ndefu, nami nilikuwa na kurasa 24 za kujaza.

Bango la tatu lilihusu mpaka. Muhtasari wa mzee wa reli ulisema hivi: "Mzee amethibitisha kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser wa Ujerumani, Mlima Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo maana mpaka umepinda." Kijana akachora picha ambayo mpaka leo nakiri ni nzuri: malkia mnene mwenye taji ameshika keki, na juu ya keki, badala ya mishumaa, kuna mlima wenye theluji. Mjukuu mwenye masharubu yaliyochongoka ananyoosha mikono. Chini kabisa, kwa udogo, mtu wa Taveta anatazama kisu kikishuka.

Kamati ilicheka na kupiga makofi. Bango likachapishwa kwa mchapaji wa mtaani, la plastiki nene yenye matundu ya pete pembeni, na nakala 60 za kijitabu zikatolewa pamoja nalo.

Siku tisa kabla ya maonyesho nilikaa kuhakiki tarehe, kazi ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya mchapaji kuguswa. Hadithi ya keki haikuchukua hata saa moja kuanguka. Mpaka huo uliwekwa na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886. Mwaka huo mjukuu hakuwa Kaiser. Kiti kilikuwa cha babu yake wa upande wa baba, Wilhelm I, na shughuli za nchi zilikuwa mikononi mwa Bismarck. Mjukuu alirithi Juni 1888, mlima ukiwa umeshawekwa upande wa Wajerumani kwa karibu miaka miwili. Na malkia wa Uingereza hakuwa na mamlaka ya kukata nchi kama andazi; mawaziri ndio waliojadiliana.

Nikafurahi. Mhariri akigundua kosa huwa na furaha mbaya kidogo, na asiyeikubali hajawahi kuwa mhariri. Usiku ule ule niliandika kwenye kundi la WhatsApp la chama, lenye watu zaidi ya mia, wengine wako Nairobi na Moshi: "Tumechunguza. Hadithi ya mzee kuhusu Malkia na Kilimanjaro imethibitika si kweli. Bango la tatu litaondolewa." Nikaweka na tarehe zote.

Asubuhi mzee alikuwa ametoka kwenye kundi. Hakushika simu, wala yangu wala ya mwenyekiti. Mchana mwanawe alituma ujumbe kwamba baba yake amejitoa kwenye kamati, na picha zake anazitaka zirudi. Picha hizo zilikuwa tatu, na mojawapo, ya stesheni ya Taveta enzi za treni ya abiria, ndiyo iliyobeba bango lote la reli. Ujumbe ulimalizika kwa sentensi moja: "Mzee asema ameitwa mwongo mbele ya wakwe."

Kikao cha dharura kiliitwa Jumapili. Nilijitetea kwa tarehe, nikasikilizwa kwa adabu, hakuna aliyenitazama usoni. Mwalimu ndiye aliyeuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza wiki tatu nyuma: "Sauti yenyewe iko wapi?"

Ilikuwa ya saa moja na dakika arubaini. Tuliisikiliza yote, simu ikiwa katikati ya meza, kwenye sahani tupu ili sauti ikuzwe. Mzee anaeleza utoto wake, shule, siku alipoandikwa kazi reli. Karibu na dakika ya hamsini kijana anauliza, "Mzee, ni kweli Malkia alimzawadia mjukuu wake Kilimanjaro?" Kicheko kirefu. Kikombe kinawekwa chini. Kisha: "Ah, mwanangu, hayo waachie madereva wa watalii. Babu yangu alikuwa akisema mstari ulipita katikati. Wachagga kule, sisi huku. Msitu haukuulizwa."

Kijana aliinamisha kichwa. Alikuwa amesikia kicheko akakihesabu kuwa ndiyo.

Lakini si hilo tu lililomnyamazisha mwalimu. Alifungua karatasi zake, akatusomea kwa Kiswahili kipengele cha mapatano ya 1886: mstari unaanzia mdomo wa mto Umba, unakwenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, unalizunguka upande wa mashariki na kaskazini, unavuka mto Lumi, kisha unapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Chagga, ndipo unapopinda kaskazini mwa mlima. Katikati ya Taveta na Chagga. Karibu neno kwa neno na maneno ya mzee tuliyemtangaza kuwa amekosea.

Kwenda kuomba radhi

Tulikwenda watatu, mwenyekiti, mwalimu nami, na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Kijana alitaka kuja. Mwenyekiti akamwambia asubiri zamu yake, mkubwa ndiye aliyemwaga, mkubwa ndiye atakayezoa.

Mzee anakaa Changamwe. Alitukuta barazani kwake, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kutukaribisha ndani. Nilimwambia, "Mzee wangu, nimekukosea. Maneno niliyoyatangaza hukuyasema. Ulisema kinyume chake, nami sikusikiliza."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza, "Wewe baba, umesoma?"

"Nimesoma kidogo, mzee."

"Basi ungenipigia simu. Simu ni shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Mwenyekiti akaingilia kwa maneno ya kizee, ya kwamba vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana, na mke wa mzee akaleta kahawa, dalili ya kwanza kwamba tutakaa. Baadaye mzee aliingia ndani akatoka na bendera zake mbili za ugadi, nyekundu na kijani. Ya kijani ilikuwa imepauka hadi kuwa rangi ya chai ya maziwa, na ukingo wake umeshonwa upya kwa uzi mweusi. "Hii mama yenu ameishona mara tatu," akasema. Akazikunja tena.

Alitoa masharti matatu. La kwanza, niandike radhi kule kule nilikoandika tuhuma. La pili, maneno yake yawekwe kama alivyosema, na iandikwe kwamba aliyasikia kwa babu yake, isije ikadaiwa alikuwapo. La tatu lilinishangaza: bango la reli lirekebishwe. "Mmeandika reli ilijengwa kwa ajili ya mkonge. Nani kawaambia?"

Hakuna aliyetuambia. Tulidhani tu, kwa kuwa mashamba ya mkonge ndiyo kila mtu anayoyakumbuka. Mzee akatueleza, na uhakiki wa baadaye ukamuunga mkono. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, vita vilipoanza tu, wakakaa pale mwaka mmoja na nusu. Reli ya kutoka Voi ilianzwa 1915 kwa ajili ya jeshi la Waingereza, ili wanajeshi, maji na mizinga vifike karibu na adui. Februari 12, 1916 walishambulia Salaita, na vikosi vya Afrika Kusini vilivyokuwa vigeni nchini vikarudishwa nyuma. Wiki moja baadaye Jenerali Smuts wa Afrika Kusini akashuka Mombasa kushika uongozi wa jeshi la Waingereza. Mwezi uliofuata aliizunguka Salaita kwa upande wa Chala badala ya kuiparamia, Wajerumani wakaihama, na usiku wa Machi 11 kuamkia 12 watu wakauana kwenye miteremko ya Latema na Reata. Reli ikasonga mbele nyuma ya jeshi hadi ikaungana na ile ya Wajerumani ya Tanga na Moshi. Mkonge ulikuja kuikuta reli. Ewart Grogan, yule aliyejipatia sifa kwa kutembea kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, alijenga jumba lake juu ya kilima karibu na Taveta miaka ya 1930, reli ikiwa na umri wa kijana wa kuoa.

Maamuzi, na kwa nini

Zilibaki siku nne. Tuliamua mambo manne, mengine kwa hoja, mengine kwa sababu ya mfuko.

Keki haikutupwa moja kwa moja. Mwalimu alitaka iondolewe kabisa. Kijana, kwa sauti ya chini, akasema kwamba watu watakuja nayo vichwani hata tusipoichora, kwa hiyo bora wakutane nayo ukutani. Alikuwa na haki. Bango jipya la tatu likawa na picha ya keki, ndogo, kwenye kona, na maneno "Husimuliwa hivi", halafu tarehe mbili, 1886 na 1888, zimeandikwa kubwa kuliko kitu kingine chochote. Hatukuweka maelezo marefu. Tulimwachia msomaji atoe hesabu mwenyewe.

Katikati ya bango tukaweka kipengele cha mapatano, na chini yake maneno ya mzee. Hapa tulibishana. Mimi nilitaka kuandika kwamba simulizi ya mdomo imeyathibitisha mapatano. Mwalimu akanizuia kwa hoja nzito: huenda babu wa mzee aliyapata maneno yale kwa mmisionari, au kwa karani wa bwana shauri, au kwenye baraza mpaka uliposomwa. Maneno mawili kufanana hakuoneshi lipi ni mzazi wa lipi. Tukaandika tu: "Alivyosimulia babu wa mzee mmoja wa Taveta." Baadaye mzee aliniambia hilo ndilo lililomridhisha kuliko radhi.

Tukaongeza aya iliyokosekana kabisa mwanzoni, ya kueleza kwa nini Taveta ilibaki upande wa Waingereza na mlima ukaenda kwa Wajerumani. Mwaka 1884 Mwingereza Harry Johnston alifika Taveta na kutia mkataba na wenyeji. Mwaka 1885 wakala wa Wajerumani, Jühlke, akatia wake na Mangi (yaani chifu wa Wachagga) Mandara wa Moshi. Mwaka huo huo Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi lake, Kilimanjaro kuwakusanya machifu chini ya bendera yake. Kila upande ulifika mezani Ulaya na karatasi zake, na mpaka ukapinda kufuata karatasi hizo.

Uamuzi wa nne ulikuwa wa vijitabu. Kuchapa upya hatungeweza. Tulikata vipande 60 vya karatasi, tukavibandika juu ya ukurasa wa 9 kwa gundi ya shule.

Matokeo

Mabango ya vita na ya reli ndiyo tuliyodhani yangevuta watu. Waliovutika zaidi na bango la mpaka wakawa Wamombasa wasio na uhusiano wowote na Taveta, na sababu yake hatukuitarajia. Bwana mmoja wa Mji wa Kale, mwenye kanzu na fimbo, alisoma mara mbili, akamgeukia mwenzake: "Si ndiyo karatasi ile ile iliyotupa maili kumi?" Ndiyo hiyo. Mapatano yale ya 1886 ndiyo yaliyompimia Sultani ukanda wa maili kumi wa pwani, Mombasa ikiwamo, ukanda ambao Waingereza waliukodi 1895 na ambao ulikuja kuzua mabishano ya Mwambao, ya waliotaka pwani ijitenge na Kenya, hadi uhuru wa 1963. Sisi tuliokaa na hati ile wiki nzima hatukuwa tumeona kwamba kalamu iliyoigawa Taveta ndiyo iliyotupimia na sisi. Jioni hiyo mwalimu aliandika sentensi mbili kwa kalamu ya wino mzito chini ya bango, na mwandiko wake ukavutia kuliko machapisho yote.

Dereva mmoja wa watalii alikasirika. Alisema keki imemlisha miaka kumi na miwili. Mwenyekiti akamwambia aendelee kuila, lakini awape wageni na tarehe. Sijui kama alifanya hivyo.

Mzee alikuja siku ya pili, saa nane mchana, amevaa koti. Hakutazama bango la mpaka. Alisimama kando ya lile la reli, picha yake imerudi mahali pake, na watoto walipomzunguka akawaambia kuhusu 1977, mambo ambayo hayakuwa kwenye bango lolote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, shirika la reli la pamoja likagawanywa, Tanzania ikafunga mpaka, na ukabaki umefungwa hadi 1983. "Mimi nina shemeji Himo," akasema. "Kwenda kwake ni mwendo wa chai. Kwa miaka sita nilikuwa nikiona mlima wake, yeye simwoni." Mtoto mmoja akauliza kwa nini hakupita porini usiku. Mzee akamtazama, akasema, "Nani kakwambia sikupita?" Ukumbi ulicheka hadi mlinzi wa shule akaja kuchungulia.

Uchambuzi

Kosa la kwanza lilikuwa muhtasari. Tulichukua swali la muulizaji tukaliandika kama jibu la muulizwa. Hutokea kila siku, katika magazeti na hata kwa wasomi: unauliza "ni kweli kwamba", mtu anacheka au anaguna kwa adabu, nawe unaandika "amethibitisha". Mzee wa Kiafrika hakatai maneno ya kijana moja kwa moja, huyapitisha pembeni. Asiyesikiliza sauti yenyewe hawezi kuuona upitisho huo. Sasa hivi, kazi yoyote ninayopewa, naomba rekodi, na swali lililoulizwa liandikwe pamoja na jibu.

La pili ni mpangilio wa uhakiki. Nilihakiki hati kabla ya kuhakiki chanzo. Tarehe zangu zote zilikuwa sahihi na bado nilimsingizia mtu. Ningeanza na rekodi, ningegundua kwamba hakuna mgongano wowote kati ya mzee na hati. Mgongano ulikuwa kati ya hati na kitu alichokisoma kijana mtandaoni akakipeleka kwa mzee kutafuta baraka.

La tatu, mahali pa kusema. Simu ni shilingi ngapi. Mengine yote kuhusu hilo mzee ameshayasema.

Kuhusu hadithi yenyewe nina maoni ambayo wenzangu kwenye kamati hawakubaliani nayo yote. Wao huiona kama mzaha usio na madhara. Mimi naona ina hila. Ndani ya keki mna watu wawili tu, bibi na mjukuu, wote wa Ulaya. Mandara hayumo, wazee wa Taveta waliokaa na Johnston hawamo, Barghash hayumo, na Bwana Kheri wa Mombasa, aliyemwongoza mmisionari Rebmann kutoka Rabai hadi akauona mlima mwaka 1848, ndiye wa kwanza kusahauliwa. Inaonekana kama hadithi inayowacheka wakoloni, kumbe imetufuta sisi kwenye kikao ambacho tulikuwamo, wengine tukidanganywa, wengine tukicheza karata zetu wenyewe. Mangi Mandara hakuwa mtu wa kukatiwa keki. Alijua kumchezesha mgeni mmoja dhidi ya mwingine kama bao.

Kilichofaulu kilifaulu karibu kwa bahati. Kuibakiza keki kwenye kona lilikuwa wazo la kijana tuliyekuwa tumemkasirikia. Uhusiano na ukanda wa maili kumi uliletwa na mgeni mlangoni. Hadithi ya 1977, iliyokuwa bora kuliko zote, haikuwa kwenye mpango kwa sababu hakuna aliyemuuliza mzee kuhusu maisha yake mwenyewe. Tulimuuliza kuhusu mambo ya kabla hajazaliwa. Mtu aliyeishi mpaka ukifungwa na kufunguliwa alikuwa mezani petu miezi mitatu, nasi tukimuuliza habari za Malkia Victoria.

Na lipo tulilolishindwa kabisa. Bango la vita lilikuwa na majenerali watatu na vilima vitatu. Wapagazi waliobeba maji na risasi hadi chini ya Salaita, ambao baadhi yao walipita hapa hapa Mombasa, walipata mstari mmoja. Ardhi ya mashamba ya mkonge, ambayo kule nyumbani bado ni kidonda, ilipata nusu mstari, kwa kuwa kamati iliogopa ugomvi. Woga ule ulikuwa wangu pia.

Kuhusu vijitabu: gundi ya shule haipendi joto la Mombasa. Kufikia siku ya pili vipande vingi vilikuwa vimebanduka, na baadhi ya nakala ziliondoka na keki iko wazi. Tuliomba zirudishwe, zikarudi 49. Mwezi uliopita binti wa jirani yangu alinionesha insha yake ya shule kuhusu Kilimanjaro, ili nimsahihishie. Aya ya pili ilianza na malkia na siku ya kuzaliwa. Nikamuuliza ameyatoa wapi. Akaenda chumbani, akarudi na ukurasa wa 9.